Cha Jikoni Kiko Ndani ya Lori

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo hutalikuta humu, hata ulitafute kwa miwani. Ni lile neno la kitu kinachowaka jikoni, kinachopika ugali na kuunguza vidole. Jina la baba mkwe wangu lilianza na neno hilo. Kwetu Rungwe, mwanamke akiolewa hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo. Wasomi wa siku hizi wanacheka. Na wacheke, mimi ni bibi kizee sasa, sina nguvu za kubishana na kila mtu.

Mama mkwe alinifundisha wiki ileile niliyoolewa kwao Mbeya. "Hapa kwetu," alisema, "tunasema cha jikoni." Basi nikasema cha jikoni. Lete cha jikoni, puliza cha jikoni, cha jikoni kimezimika. Chai ikawa chai ya kuunguza. Wanawake wote wa upande wetu walikuwa na maneno yao ya kukwepa, kila nyumba ya kwake, na tulipokutana kisimani tulielewana bila shida.

Na si jina tu. Nilikuwa siruhusiwi kumtazama, wala kupita naye njia moja, wala kukaa naye chini ya paa moja. Nikisikia kikohozi chake nachuchumaa nyuma ya migomba, kanga kichwani, mpaka apite. Naye alinikwepa vilevile. Akiniona kwa mbali mzee yule anaacha njia, anakata shambani na fimbo yake, viatu vinajaa umande. Mchungaji alituambia kanisani kwamba hayo ni mambo ya kale, lakini mke wake mwenyewe nilimwona kwa macho yangu akijibanza nyuma ya ghala baba mkwe wake alipokuja kumsalimu mwanawe. Kwa hiyo mpaka siku ninayotaka kuisimulia, nilikuwa nimeishi Mbeya jirani na mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake. Nilijua mgongo wake, koti lake jeusi na kile kikohozi.

"Ukilitamka," mama mkwe alinionya, "mtoto utakayembeba hatakaa." Akanitajia mwanamke wa mlima wa pili aliyeliropoka jina la mkwe wake katika ugomvi. Alibeba mimba, haikukaa. Akabeba tena. Mama mkwe hakumalizia, aliendelea kupepeta mchele.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, barabara ya Iringa ikiwa bado ya udongo. Timu ya mpira ya mtaa wetu ilialikwa Iringa kucheza. Mume wangu alikuwa golikipa. Baba mkwe alikuwa mwenyekiti, na alikuwa mwenyekiti wa kweli kweli, neno lake halirudiwi.

Mjini kulikuwa na bwana mmoja mwenye chumba kando ya soko, akijiita wakala wa safari. Ukitaka kusafirisha kwaya, timu au watu wa harusi, unamwendea yeye. Anakupangia basi, malazi, chakula, na mtu wa kuwapokea mkifika. Maneno yake yalikuwa matamu, tai shingoni. Mwaka uliotangulia aliwapeleka vijana wetu hukohuko Iringa. Wakalazwa kwenye nyumba isiyo na milango, wakalishwa maharage yenye mawe, na siku ya kurudi basi likaondoka bila wao kwa sababu lilikuwa limejaa watu wa vitunguu. Walirudi mmoja mmoja, kama ng'ombe waliopotea.

Kwa hiyo safari hii baba mkwe alisema wakala imetosha. Alikuwa amefanya kazi machimbo ya dhahabu kule Lupa ujana wake wote, na hakupenda mtu amfanyie jambo analoliweza mwenyewe. Mume wangu aliniletea maneno ya kikao.

"Baba amesema yeye si gunia. Gunia ndilo linalopangiwa safari."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema wakala ni mwongo, lakini basi lake lina breki."

"Akasemaje?"

"Ameinuka akaenda kutafuta lori."

Basi wakajipangia. Lori walilipata kwa mtu wa mbao, rafiki wa baba mkwe wa tangu Lupa. Nililiona siku moja kabla ya safari, likiwa limeegeshwa na mzee hayupo, na moyo haukutulia. Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa waya, haufunguki tena. Mbao za sakafu zilikuwa na nyufa unazoweza kupitisha mkono, na chini ya nyufa unaona matairi. Vijana walitandika nyasi kavu juu ya mbao hizo ili wasiumie makalio, zikaning'inia chini kila upande. Petroli waliinunua wenyewe kwa madebe, wakayapanga nyuma ya kichwa cha lori na kuyaegemezea mabegi yao. Nikamwambia mume wangu, hii nyumba ya nyasi mmeijenga juu ya petroli. Akacheka, akasema mbona naongea kama wakala.

Mimi nilihitajika safarini. Malazi yalikuwa kwa dada yangu, aliyeolewa Kihesa, hukohuko Iringa, na mpishi nilikuwa mimi. Ila lori analopanda baba mkwe mimi sipandi, hilo halikuhitaji kikao. Mume wangu alikwenda kwa wakala kimyakimya, kama mtu anayeenda kwa mganga, akanipatia kiti kwenye basi la siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mkwe wa adui mkubwa wa mawakala ndiye peke yake aliyesafiri kwa wakala. Vijana walinitania sana. Shemeji, wakasema, ukifika utupokee kwa maua.

Nilikuwa na mimba changa. Waliojua ni mume wangu na mama mkwe tu. Asubuhi ya safari mama mkwe alinifunga kanga yake tumboni, juu ya ile yangu, akasema barabara ina baridi. Kisha akasema, "Chunga mdomo." Nikajua hasemi habari ya baridi.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Lori halikuwaka, likasukumwa, likakohoa moshi mweusi, likazima, likasukumwa tena. Nikiwa kituo cha basi niliwasikia vijana wakiimba huku wanasukuma, siwaoni. Halafu likaja likipita mbele yetu taratibu, na ndani ya kichwa chake, upande wa ule mlango wa waya, nikaona koti jeusi. Niligeuza uso.

Siwezi kusema basi la wakala lilikuwa zuri. Mbuzi alikuwa mmoja wa abiria. Lakini lilikuwa na kondakta wa kumuuliza, na dereva aliyeshuka kila kituo kugonga matairi kwa chuma. Tuliteremka kwenda Usangu, joto likaja, kanga ya mama mkwe ikanichosha. Lori tulilikuta mara ya kwanza kabla ya Chimala, limefunguliwa mdomo, rejeta inatoa mvuke, vijana wanakimbia na makopo kutafuta maji. Tukalipita. Likatupita. Tulipoanza kupanda kwenda Makambako lilikuwa mbele yetu, na hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu.

Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, na kitu kingine cha chuma. Ilikuwa inakuja na kuondoka kila lori linapokanyaga breki. Nilimwita kondakta nikamwambia, lile lori gurudumu lake la nyuma linaungua. Akachungulia dirishani kidogo, akarudisha kichwa ndani.

"Mama, wewe ni abiria wetu," alisema. "Wale si abiria wetu."

Niliudhika, lakini jibu lile nimelifikiria miaka mingi. Kwenye basi letu kulikuwa na mtu anayewajibika, ila mipaka yake ilikuwa mlangoni. Na kwenye lori lile kila mtu alikuwa mwenye safari, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeshuka kugusa gurudumu. Roho yangu ilikuwa juu kutoka hapo. Nilijaribu kusali, nikajikuta nahesabu kona.

Basi letu lilisimama Nyololo, tukaikuta imefunikwa. Ulikuwa mchana lakini ungedhani jioni, ukungu na manyunyu, watu wanapita wamejikunja. Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, mbali kidogo na hoteli ya chai. Dereva wake na vijana walikuwa wameingia hotelini kuota cha jikoni na kunywa chai. Mume wangu alikuwa ameteremka bondeni na makopo kutafuta maji ya rejeta. Nilimwona mgongo akiishia kwenye ukungu. Mama mwenye hoteli alinipokea mlangoni kwa salamu ya kwao, "Kamwene," nikaitikia, akanipa kikombe cha chai ya kuunguza. Nilisimama nje na kikombe changu, kwa sababu sikujua kama baba mkwe yuko ndani.

Nikamuuliza mama yule, je, kuna mzee mwenye koti jeusi humo. Akasema hapana, mzee amebaki garini, amelala, amejifunika gubigubi.

Nikageuka kutazama lori, sijui kwa nini. Chini yake, kwenye gurudumu la nyuma, nyasi zilizoning'inia zilikuwa zinang'aa. Kitu chekundu, kidogo, kinapanda unyasi mmoja baada ya mwingine kupitia nyufa za mbao. Kikaingia juu. Turubai lililofunika mizigo likaanza kufuka kwa ndani, upande uleule wa madebe.

Nilipiga kelele. Kilichotoka mdomoni ni kile nilichofundishwa. "Cha jikoni! Cha jikoni kiko ndani ya lori!"

Wale vijana hawakuwa watu wa kwetu. Walikuwa Wasafwa, Wasangu, wengine wametoka Nyasa ya ng'ambo, na mzungumzaji wa lugha ya wakwe alikuwa mmoja tu, naye yuko bondeni na makopo. Mmoja akatoa kichwa mlangoni, mdomo umejaa andazi.

"Shemeji anasema amepakia chakula kwenye lori," akawaambia wenzake.

"Tumeshakula, shemeji," mwingine akaitikia. "Kiache tutakila Iringa."

Wakacheka. Nikasema linaungua, lori linaungua. Dereva akajibu kutoka ndani bila kuinuka kwamba anajua, ni rejeta, linaungua tangu Chimala, golikipa amefuata maji. Nami sikuwalaumu, moshi wa lori lile ulikuwa umewachosha tangu asubuhi, na kwa ukungu ule hawakuona chochote. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikusema tu lile neno la watu wote. Ninawajibu, jaribuni ninyi. Neno uliloukataza ulimi wako kwa miaka haliji kwa kuitwa. Na mimi nilikuwa na sababu nyingine, ilikuwa tumboni mwangu chini ya kanga mbili.

Kikombe kilianguka. Nilikimbia. Nilikimbia kuelekea kwa mtu ambaye maisha yangu yote ya ndoa nilimkimbia. Mlango wa waya nikauona na nikakumbuka haufunguki, nikazunguka upande wa dereva. Mlango umefungwa kwa ndani, na kioo pia, kwa sababu ya baridi. Ndani koti jeusi limefunika kichwa, halina habari. Nikagonga kioo kwa viganja. Hakusikia, au alidhani ni vijana. Nyuma ya kichwa chake, kwenye kidirisha kinachotazama mizigo, kulikuwa na mwanga wa rangi ya machungwa.

Nilishika tumbo langu kwa mkono mmoja. Nakumbuka nilimwambia mtoto aliyekuwa humo, unisamehe. Kisha nikalitamka. Nililitamka kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena, lote, neno na jina, kwa sababu vilikuwa kitu kimoja.

Hotelini walisikia neno, wakatoka mbio. Yeye alisikia jina.

Koti likadondoka. Akajivuta upande wa dereva, akausukuma mlango, akashuka, tukawa uso kwa uso. Nikamwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa na uso mdogo kuliko mgongo wake, na jicho moja lilikuwa na kovu ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Alinitazama na nikaona hofu, hofu ya kweli, na naapa haikuwa hofu ya kilichokuwa nyuma yake. Hakuwa amekiona. Alijifunika uso kwa mikono miwili, akageuka, akatoka mbio kukatiza barabara na kuingia kwenye shamba la mahindi, mzee mzima, bila fimbo, bila kofia. Alikuwa ananikimbia mimi. Nami nilikimbia upande wangu, kanga kichwani, hata wakati ule.

Debe la kwanza lilipasuka wakati yeye yuko katikati ya mahindi. Mengine yakafuata. Hakuna aliyeungua. Lori la rafiki yake wa Lupa liliteketea mpaka vyuma, na mabegi yote na viatu vya mpira. Kama asingekuwa na mtu wa kumkimbia, angebaki pale akiuliza kuna nini.

Vijana walifika Iringa kwenye basi la wakala, wamesimama, wananuka moshi. Walicheza miguu mitupu wakafungwa, na sitaki kusema magoli mangapi. Walilala kwa dada yangu Kihesa. Niliwapikia, hawakunitania. Baba mkwe hakuwa nao. Watu wa Nyololo walimkuta kwenye kibanda cha mlinzi wa mahindi, wakamwomba apande basi, akauliza nani yumo. Walipomwambia akasema atajipangia mwenyewe. Akarudi Mbeya kwa lori la magogo. Wakala alifurahi, msimu mzima alikuwa anasema "niliwaambia" kwa kila aliyepita sokoni.

Sisi tuliporudi hakuna aliyenishukuru na hakuna aliyenigombeza. Hilo liliniumiza kuliko kugombezwa. Mama mkwe alipika, akanipa chakula, akakaa mbali kidogo. Wazee wakakutana, na uamuzi ukawa nirudishwe kwa wazazi wangu Rungwe mpaka itakapojulikana. Nilipouliza ijulikane nini, mume wangu alitazama tumbo langu, akaanza kunifungia mzigo.

Miezi ile sina hamu hata ya kuikumbuka. Kila maumivu kidogo ya mgongo nilidhani ndiyo hayo. Mama yangu alinikataza kuchota maji, kulima, hata kucheka sana. Nilikuwa naamka alfajiri nakaa kitandani, mkono tumboni, nangoja acheze. Akichelewa kucheza, nalia. Niliogopa kwa namna ambayo siwezi kuipamba. Na nilimchukia mzee yule, nasema wazi, nilimchukia kwa kulala garini, kwa ule mlango wa waya, kwa kujiona si gunia.

Mtoto akazaliwa wa kiume, mzima, analia kama amedhulumiwa. Mama mkwe alikuja kwa miguu kutoka njia kuu, akamshika, akamgeuzageuza kumkagua vidole. Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu, akasema ametumwa.

"Baba yenu amesema mtoto achukue jina lake."

Nilifurahi, nilifurahi mpaka machozi. Kumpa mjukuu jina ni heshima kubwa, maana yake nimesamehewa. Nilimpokea mtoto, nikamweka kifuani, nikafungua mdomo nimwite. Mdomo ukabaki wazi.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. "Na wewe utamwita vile utakavyoona," akasema polepole.

"Mama, hii ni shukrani au ni adhabu?"

"Sikumuuliza, mwanangu," alijibu, akaomba maji ya kunywa.

Baba mkwe alifariki miaka mingi baadaye. Sikumwona uso mara ya pili, hata jenezani. Hilo halikunifungua, mwiko huu hauzikwi na mtu. Dada za mwanangu waliomfuata walimwita jina lake, walimu walimwita, baba yake alimwita. Mimi nilimwita wewe. Nilimwita kijana, nilimwita baba. Alikua akiitikia, hakuona ajabu. Ile sura ndogo ilimjia taratibu, na mpira akaurithi kwa baba yake.

Alipokuwa kijana timu yao ilipata mchezo Iringa. Wamejipangia wenyewe, akaniambia, mawakala ni wezi. Nilikwenda kumsindikiza. Lori lilikuwa limejaa vijana, linaunguruma, wanaimba, na yeye amekaa nyuma kabisa, amenipa mgongo, anacheka na mwenzake. Nikaona debe limeegemezwa karibu na miguu yake. Huenda lilikuwa la maji. Lori likaanza kuondoka.

"Wewe," niliita. "Kijana. Baba, wewe."

Wote waligeuka, lori zima, kila mmoja akidhani anaitwa yeye. Mwanangu peke yake hakugeuka, kwa sababu hakusikia jina lake.